Mshipa wa shingo ukishapasuliwa, vidonge haviachwi

Swali: Docta, baba yangu ana miaka 72. Mwaka jana mkono wake wa kuume ulilegea dakika kumi hivi, tukampeleka India, wakampasua shingo upande wa kushoto. Rafiki yake wa Kamalondo aliwekewa stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa wazi, na anasema ndiyo inayodumu. Je, tulikosea? Na kwa kuwa mshipa umesafishwa, vidonge anywe hadi lini? (Msomaji, Lubumbashi)

Jibu: Hamkukosea, ndugu yangu. Utafiti wa CREST wa Marekani na Kanada ulifuatilia wagonjwa 2,502, wengine hadi miaka 10. Matokeo yaliyotoka 2016 yalionyesha kwamba, ukiacha siku za mwanzo, kiharusi cha upande uliotibiwa kiliwapata asilimia 5.6 ya waliopasuliwa na 6.9 ya wenye stenti. Hapo hakuna mshindi. Hatari zilitofautiana mwanzoni: stenti ilileta viharusi zaidi, hasa kwa wazee waliopita miaka 70, na upasuaji ukaleta mishtuko ya moyo zaidi. Baba ameshavuka hapo.

Neno linaloniuma ni hilo «umesafishwa». Mshipa si bomba la maji lenye uchafu wa kukwangua. Mafuta na chokaa vimejijenga ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe, na daktari aliondoa kipande kifupi tu cha shingoni. Upande wa pili wa shingo, moyo na miguu havikuguswa. Vidonge ni vya maisha, awe amepasuliwa au ana stenti.

Juzi mzee mmoja aliketi mbele yangu, kovu chini ya taya limepona vizuri, jembamba kama uzi. Akatoa chupa ya plastiki, maji ya kahawia yananuka kitunguu saumu: «dawa ya kuyeyusha mafuta ya mishipa», dola 20. Aspirini na statini (kidonge cha kushusha mafuta ya damu) alikuwa ameziacha. Nilipompima, tansio (presha ya damu) ilikuwa 19 kwa 11, yaani 190 kwa 110, juu mno. Aliyemuuzia hakumpima hata mara moja! Watu hawa wanazunguka sokoni na vipaza sauti, na kila anayewaamini anaacha dawa inayomlinda. Kitunguu saumu tieni kwenye mboga. Hakiyeyushi chokaa.

Baba aje apigwe ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) ya shingo, pande zote mbili, na mlete kila kidonge anachomeza kweli. Kama anavuta sigara, aache leo. Mkono, uso au ulimi ukilegea tena, hata kwa dakika tano, msingoje kupambazuke: nendeni hospitali usiku huohuo.