Maswali yenu: ukomo wa urais Uganda, rangi za vyama na mstari wa kura ya LC1 (uongozi wa kijiji)

Ukomo wa urais uliondolewa mwaka gani? (Arua)
Jamani, hili nimeshalijibu mara ngapi? Ukomo wa mihula miwili uliondolewa 2005, ule wa umri wa miaka 75 ukaondolewa Desemba 2017, kwenye kura ya mwisho wabunge 315 wakikubali, 62 wakikataa. Ulizeni basi na habari ya pesa, maana 2017 kila mbunge alitengewa shilingi milioni 29 eti akaulize wananchi, na kwenye mswada huohuo wakajiongezea muda wao kutoka miaka 5 mpaka 7, hadi Korti ya Katiba ilipokaa Mbale 2018 ndo ikafuta hiyo ya kwao, ya umri ikabaki. Sisi wakati huo tunafanya nini? Tunatukanana, huyu wa njano ya chama tawala, yule kafunga kitambaa chekundu cha upinzani.

Wewe ni chama gani? (Kampala)
Sisemi, ukishajua utaacha kusoma.

Marekani nao wamegawanyika, si tuko sawa tu? (Mbarara)
Hatuko sawa. Tarehe 6 Januari 2021 watu walivamia bunge lao, usiku huohuo wabunge wakarudi wakamaliza kuhesabu kura. Siku nane baadaye sisi tukapiga kura intaneti ikiwa imezimwa nchi nzima.

Kaka yangu haongei na mimi tangu kampeni. Nifanyeje? (Busia)
Nenda kwake leo, beba sukari, siasa iache nyumbani. Usingoje msiba dada yangu. Steji moja ya boda karibu na kwangu walikuwa wanachangiana mtu akifiwa, kampeni ikawagawa, mmoja akafiwa na mtoto na wenzake wa rangi nyingine hawakukanyaga mazishini, mpaka leo wanapaki pande mbili za barabara, na askari akija kuwasumbua anakula upande mmoja mmoja, hakuna wa kumtetea mwenzake.

Kura ya mlolongo ya LC1 si ndo nzuri, haiibiwi? (Jinja)
Hata kama haiibiwi, inaonekana, na hapo ndo ubaya. 2018 tulipiga baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa LC1. Nilikuwa pale uwanjani, jirani yangu mmoja kasimama nyuma ya mgombea wake, mtoto mgongoni, mara akageuka akaona mwenye nyumba wake yuko mstari wa pili anamwangalia. Hakuambiwa kitu. Alirekebisha leso ya mtoto, akainamisha kichwa, akahamia kule.