Kabati kuota ukungu Tukuyu
Pole sana dada. Tukuyu mvua unaijua, Novemba mpaka Mei ukuta haukauki, sasa kama ulivyosema kabati umelibananisha ukutani na nguo zinatoka na madoa ya kijani, shida iko hapo hapo, ukuta wa nje ni wa baridi alafu hewa haipiti. Livute mbele sentimita 10 hivi, toa nguo zote, pakaa siki ndani, iache lisaa ndo ufute na kitambaa kikavu, ila usije ukachanganya na jiki tafadhali, ile gesi yake inaumiza mapafu na una mtoto mdogo humo ndani. Nguo mbichi usikunje kabisa, kagua pindo na mifuko kama zimekauka. Jua likichomoza tu fungua milango. Mkaa kwenye kikapu humo kabatini unasaidia kidogo kunyonya unyevu, ila ukuta kama unavuja anza na fundi.