Maswali ya Wasomaji: Nichukue mashine ipi ya kuchomea DVD?

SWALI: Mama, shikamoo. Mimi ni kijana wako, naishi Buhongwa, kwetu ni Nansio. Desemba iliyopita tulimfanyia bibi sherehe ya kutimiza miaka 80. Ukoo mzima ulikusanyika, na mjomba akarekodi video ya saa mbili na nusu. Bibi hatumii simu janja. Ana televisheni ya chogo na deki ya DVD ya siku nyingi, haina hata tundu la flashi, na kila nikimpigia ananiuliza, "Mkanda wangu uko wapi?" Kompyuta mpakato yangu haina sehemu ya kuingizia diski. Nimezunguka Makoroboi na maduka ya karibu, nimeonyeshwa mashine tatu za kuchomeka nje. Ya kwanza ni nyembamba, haina jina lolote, na waya wake mfupi umefungwa humo humo haung'oki. Ya pili nayo ni nyembamba, ni ya kampuni inayojulikana, na waya wake una vichwa viwili vya USB. Ya tatu ni kubwa kama tofali, imetumika, adapta yake haipo, lakini muuzaji anaapa kwamba ndiyo yenye kasi kuliko zote. Rafiki yangu kazini naye ananiambia nijikaze ninunue ya Blu-ray kwa sababu ndiyo ya kisasa. Mfukoni nina laki moja. Nichukue ipi? Wabeja sana.
Mjukuu wa Nansio

JIBU: Marahaba, mwanangu, na bibi mfikishie salamu zangu. Chukua ile ya pili, nyembamba yenye waya wa vichwa viwili. Sababu nakupa zote, maana ukirudi dukani ukakuta imeshanunuliwa, sababu ndizo zitakazokusaidia kuchagua nyingine.

Kabla ya kurudi Makoroboi, anzia sebuleni kwa bibi. Deki yake ndiyo itakayosoma hiyo diski, basi deki ndiyo inayochagua mashine. Deki ya DVD inasoma kwa leza nyekundu. Diski ya Blu-ray inaandikwa kwa leza ya bluu iliyoelekea zambarau, yenye mwale mwembamba zaidi, ndiyo maana diski moja inabeba GB 25 wakati DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Maandishi madogo namna hiyo deki ya bibi haiyaoni kabisa. Ni kweli kwamba mashine ya Blu-ray inachoma DVD pia, ila utakuwa umelipia kazi usiyokuwa nayo. Rafiki yako anakutakia mema, lakini laki yako inatosha bila Blu-ray.

Lile tofali ni mashine ya kompyuta ya mezani iliyovalishwa kasha. Inahitaji volti 12 na tundu la USB linatoa volti 5, kwa hiyo bila adapta haizunguki. Utaanza kuhangaika kutafuta adapta inayofanana, na ukikosea volti au ukigeuza chanya na hasi, umeiunguza. Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakukwambia. Umeme wa nyumbani ukikatika katikati ya kazi, kompyuta mpakato inaendelea kwa betri, lakini mashine inayokula umeme wa ukutani inazima papo hapo, na DVD-R, yaani diski inayoandikwa mara moja tu, iliyokuwa inachomwa ni ya kutupa. Nyembamba inakula umeme wa kompyuta yenyewe. Betri ikiwa imejaa, umeme ukatike usikatike, diski ya bibi itamaliza kuchomwa. Kwa maisha yetu ya huku mimi nathamini hilo kuliko kasi yoyote.

Ila kwenye umeme huo huo ndipo nyembamba inapokuwa na udhaifu wake. Kwa kanuni, tundu la USB 2.0 linatoa hadi miliampea 500. La USB 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani, linatoa hadi 900. Mashine inapoanza kuzungusha diski na leza kuwaka kwa nguvu ya kuandika, inaweza kutaka zaidi ya hizo 500. Kichwa kimoja cha waya wako kinapitisha data pamoja na umeme, cha pili kazi yake ni kuongeza umeme tu. Vichomeke vyote viwili kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, wala usiunge waya mrefu wa kuongezea. Na ile isiyo na jina niliikataa tangu uliposema waya umefungwa humo humo. Waya wa namna hiyo ukikatika ndani, mashine nzima imekwisha.

Ninakazania haya kwa sababu yamenigharimu. Mimi ni mtoto wa Ukara, na marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi. Mwaka 2011 nilikaa naye siku nzima nikamrekodi akieleza namna ya kuchagua mti, namna ya kupinda ubao, namna ya kukalafati. Mwishoni aliimba wimbo waliokuwa wakiimba wakati wa kushusha mtumbwi mpya majini. Kamera ilikuwa ya kukodi. Niliporudi Mwanza niliazima mashine nyembamba, waya wa kichwa kimoja, nikaichomeka kwenye tundu la mbele la kompyuta ya mezani. Kompyuta ikaandika kwamba imemaliza, nami nikaiamini. Nikafuta kadi, nikarudisha kamera kwa mwenyewe.

Tulipoiweka ile diski kwenye deki ya jirani kule Ukara, dakika tisa za mwanzo zilikuwa safi kabisa. Baada ya hapo picha ikaanza kukatika vipande vipande, kisha ikaganda. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo mwanzo unaweza kuwa mzima na huko mbele kusisomeke kitu. Nilijaribu kila mashine iliyopita mezani pangu pale Mtaa wa Rwagasore. Baba alifariki mwaka uliofuata, na ule wimbo sikuupata tena.

Kwa hiyo, mwanangu, video ya mjomba isifutwe popote. Iweke kwenye kompyuta yako na kwenye diski kuu (hard disk) ya mtu mwingine wa ukoo. Na kwenye programu ya kuchomea kuna sehemu ya kuhakiki diski baada ya kuandika. Iwashe kila mara. Mashine itairudia diski yote na kuilinganisha na kilichomo kwenye kompyuta. Itakuchukua muda, usiukwepe.

Sasa kuna kosa ambalo nadhani ungelifanya hata ukiwa na mashine nzuri, maana wateja wangu wengi wamelifanya. Usichukue faili la video lilivyo ukalinakili kwenye diski. Deki ya zamani ya namna hiyo kwa kawaida haielewi mafaili ya simu na kamera za leo. Inataka DVD ya video: picha ya MPEG-2, kwa mfumo wetu wa televisheni uitwao PAL ni nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na vyote vikae ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Windows ya sasa inaweza kukuandikia mafaili kwenye diski, lakini haikutengenezei DVD ya namna hiyo. Pakua programu ya DVDStyler, ni ya bure, uingize video yako, uchague PAL, nayo itakufanyia mageuzi yote. Kompyuta yako ikiwa ya kawaida, iache ifanye kazi hiyo usiku.

Saa mbili na nusu usizibane kwenye diski moja. Kwa ubora wa megabiti 8 kwa sekunde, GB 4.7 zinatosha dakika 78 hivi. Wewe una dakika 150. Zigawe diski mbili, dakika 75 kila moja, ukate mahali panapoeleweka, labda baada ya chakula na kabla ya zawadi. Utaambiwa ipo DVD ya matabaka mawili yenye GB 8.5. Ipo kweli, ila deki za zamani nyingi hukwama pale leza inapohama tabaka, nami sitaki bibi aanze kuamka kitini kugonga deki.

Diski tupu nunua DVD-R. DVD+R nayo ni nzuri na mashine yako itachoma zote mbili, lakini kwa deki za zamani DVD-R ndiyo inayopokelewa bila ubishi mara nyingi zaidi. Zile za kufutika, zenye herufi RW, ziache, kwa sababu zinarudisha mwanga hafifu na deki iliyochoka haizioni vizuri. Nunua tano kwanza, uchome moja, uijaribu kwenye deki ya zamani ya jirani yeyote hapo Buhongwa, ndipo urudi kununua nyingine za kuwachomea mashangazi nakala.

Kasi isikusumbue. Mashine nyembamba nyingi huchoma DVD kwa 8x, yaani kama MB 11 kwa sekunde, na USB 2.0 inaimudu kasi hiyo bila shida. Muuzaji akikwambia uongeze pesa kwa sababu ya USB 3.0, ongeza kwa ajili ya umeme ukitaka, si kwa ajili ya kasi. Mimi diski za kuchezwa kwenye deki huzichoma kwa 4x. Diski iliyojaa inachukua kama robo saa. LG, ASUS, Transcend na Verbatim zote zimetengeneza mashine za aina hii, na ukipata mojawapo iliyo halisi umepata.

Dukani usiondoke na boksi lililofungwa. Nenda na kompyuta yako na DVD-R moja, umwombe muuzaji mchome hapo hapo faili kubwa, kisha diski hiyo isomwe kwenye mashine nyingine. Muuzaji mwaminifu hakatai. Sikiliza pia. Mvumo kama wa feni ni wa kawaida, lakini ikianza kukwaruza, au ikizunguka, ikasita, ikaanza tena, hiyo inakosa umeme au imechoka.

Ukifika nayo nyumbani, kuwa mpole na trei. Kwenye mashine nyembamba lenzi inatoka nje pamoja na trei, imekaa wazi kabisa, kajicho kadogo kanakong'aa. Usikaguse. Shika trei kwa chini kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine bonyeza diski katikati mpaka usikie "tak". Watu wanaibonyeza bila kuishikilia trei, trei inapinda, halafu wanasema mashine ni mbovu. Ukimaliza funga trei usiiache wazi. Vumbi la barabarani kwetu unalijua, na wale kungu wa ziwani wakiingia usiku kwa mwanga wa taa wanatua kokote.

Jina la bibi andika kwa kalamu ya wino laini ya kuandikia diski, si kwa peni ya ncha kali, na usibandike stika ya karatasi. Kwenye DVD-R data imehifadhiwa katika rangi ambayo jua linaiharibu, kwa hiyo ukiwa kwenye meli ya Nansio ziweke ndani ya begi, kila moja kwenye kasha lake. Mpelekee bibi nakala mbili za kila diski, moja ya kuchezwa na moja ya kuwekwa kabatini.

SWALI: Shikamoo mama. Nimenunua mashine ya DVD ya nje, kompyuta yangu ya Windows 10 inaiona, lakini nikiweka DVD ya video haichezi. Nirudishe?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Marahaba. Usirudishe bado. Windows 10 haiji na programu ya kuchezesha DVD za video. Weka VLC, ni ya bure, uifungue na uchague kufungua diski. Ikigoma hata hapo, jaribu DVD nyingine mbili. Zikigoma zote, irudishe na risiti yako.

SWALI: Habari za kazi, dada. Mashine yangu imekataa kutoa trei na ndani kuna diski ya harusi ya mdogo wangu. Fundi wa hapa anataka kuifungua kwa bisibisi.
Msomaji, Musoma

JIBU: Njema, ndugu yangu. Mwambie aweke bisibisi chini. Chomoa waya wa USB, usubiri diski isimame. Mbele ya mashine, karibu na kitufe, kuna kitundu kidogo mno. Nyoosha kibanio cha karatasi, ukiingize humo kikiwa kimenyooka, usukume taratibu mpaka usikie kimegota, kisha endelea kusukuma kidogo. Trei itachomoza kama unene wa kidole, nawe utaivuta iliyobaki kwa mkono. Kabla ya kuirudisha diski mahali popote, inakili kwenye kompyuta leo hii.