Kujiundia raifo mwenyewe kwa ajili ya shamba: inawezekana? na sheria je?

Mkuu wa Nachingwea uliyeuliza, nimekuelewa. Umeona video za Wamarekani wanaunda raifo gereji kwao kama hobi, wewe una mashine ya kuchomelea na grenda, shemeji yako ana mashine ya kukereza, nguruwe pori wanakumalizia mihogo, sasa unauliza kwanini usijiundie ya kwako ukalinde shamba, na mwishoni umetaja gobore la marehemu babu yako. Mi nina karakana huku Masasi, kazi zangu nyingi ni shafti, bushi na zile mota za kupulizia salfa kwenye mikorosho, na kila msimu haikosi mtu anakuja usiku na gobore limefungwa kwenye kiroba anataka nimtengenezee. Nawarudisha wote. Ngoja nikwambie kwanini, maana naona waliokujibu wengine wanakutania tu.

Kwanza tuelewane raifo ni nini, maana watu wanachanganya na gobore. Raifo mtutu wake kwa ndani una michirizi inayozunguka, ndio inaizungusha risasi iende imenyooka, gobore ndani ni laini tupu na linashindiliwa kwa mbele. Na sio kwamba wazee wetu walipenda gobore, mkataba wa Brussels wa 1890 wazungu walikubaliana bunduki za michirizi na zile za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka 22 kusini, huku kwetu ndani yake kabisa, zikaachwa zile za gumegume na baruti ya kawaida. Ndo maana Majimaji 1905 watu wa Kilwa, Liwale na huku wanaingia vitani na magobore na mikuki wenzao Wajerumani wana bunduki za mashine. Wahunzi wa kusini wakarithi ufundi wa gobore, wa raifo hawajawahi kuwa nao, kwahiyo usiniambie babu yako alikuwa anatengeneza, babu alitengeneza kitu kingine.

Sasa uwezekano. Tatizo sio kuchomelea aisee, tatizo ni presha. Tairi ya IST unajaza upepo wa PSI 30, risasi ya raifo ya .308 ikilipuka kiwango chake cha juu kinachoruhusiwa ni kama 62,000 kwa kipimo hichohicho, yani zaidi ya mara elfu mbili, na hiyo inatokea sentimita chache kutoka kwenye shavu lako. Bomba la maji la hadweya halijui hiyo lugha. Hata gobore tu ambalo presha yake ni ndogo sana kuliko hiyo, kuna mzee kijiji cha jirani mkono wake wa kushoto una vidole viwili, mtutu ulipasuka pale anaposhikia, na lile lilikuwa limeshapiga miaka na miaka kabla ya siku hiyo, kwahiyo hili la kusema nitaijaribu kwanza kwa mbali nikiifunga kamba halikuhakikishii kitu.

Alafu kuna suala la kupika chuma, hapa ndo mafundi wenzangu tunajidanganya. Sisi tunachoma shafti tunaangalia rangi, ikifika wekundu fulani unatumbukiza kwenye oili, basi. Kiwanda cha serikali ya Marekani kile cha Springfield kilikuwa kinafanya hivyohivyo kwenye raifo ya M1903, fundi mzoefu anaangalia rangi kwa macho, kumbe siku ya jua kali na siku ya mawingu rangi ileile inaonekana tofauti, vyuma vingine vikazidi moto vikawa vinavunjika kama kigae. Wamekuja kustuka kwenye vita ya kwanza ya dunia, wakabadilisha utaratibu, na mpaka leo zile za Springfield zenye namba chini ya 800,000 wajuzi wanashauri usizipige. Hicho ni kiwanda chenye wahandisi na vipimo. Sasa wewe na shemeji hapo na jenereta yenu!

Na hao wa kwenye video usiwaonee wivu sana, wengi hawaundi chochote, wanaunganisha. Mtutu kanunua dukani umeshapimwa kiwandani, spea zote zimekuja kwenye boksi, yeye anakaza skrubu anapiga picha. Sheria yao ya silaha ya 1968 inataka leseni kwa anayetengeneza kama biashara, ukitengeneza ya matumizi yako binafsi na wewe sio mtu aliyekatazwa kumiliki, sheria ya shirikisho haikudai leseni. Ila hata wao wana mipaka, raifo yenye mtutu chini ya inchi 16 inaangukia sheria ya 1934 lazima uombe kibali kwanza, ya kumimina risasi ndo usahau kabisa, majimbo kama California yanataka namba ya usajili hata ya kujitengenezea, na vile vifurushi vya kuunganisha serikali iliviwekea kanuni 2022 vihesabiwe kama bunduki, mahakama yao ya juu kabisa ikaibariki hiyo kanuni Machi 2025. Kwahiyo hata huko mlango unazidi kufungwa.

Huku kwetu huo mlango haupo. Sheria ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, namba 2 ya 2015, ndio iliyofuta ile ya 1991. Kuunda, kuunganisha, kurekebisha, hata kumiliki tu bila leseni ni kosa, na hakuna mahali imeandikwa ukitengeneza kwa hobi unasamehewa. Kibaya zaidi kukutwa na silaha kinyume cha sheria kumeingizwa kwenye jedwali la uhujumu uchumi, na adhabu ya huko baada ya marekebisho ya 2016 ni kuanzia miaka 20 mpaka 30. Ishirini ndo ya chini mkuu! Na mahakamani gobore lililofungwa kwa mpira wa baiskeli linahesabika silaha kama SMG, watu wamefungwa kwa hayohayo magobore. Ukikutwa nalo na kipande cha nyama ya pori, sheria ya wanyamapori ya 2009 nayo inakusubiri.

Alafu angalia tunaishi wapi. Tangu Oktoba 2017 ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado hakujatulia, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa, hapahapa mkoani Mtwara. Unadhani mtendaji wa kijiji akisikia kuna kijana anakereza mitutu atajua ni hobi? Atapiga simu, na mi nisingemlaumu.

Njia ya halali ipo japo ndefu. Unaanzia serikali ya kijiji na kata, wanakujadili tabia yako, unaenda polisi wilaya, kamati ya usalama, mkoa, mpaka kwa msajili wa silaha, ukipewa kibali unanunua duka lenye leseni. Gharama yake sio ya kitoto, na kwa mihogo ya ekari mbili mi naona haikulipi. Nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri umuandikie, mkiwa kijiji kizima mnasikilizwa haraka kuliko mtu mmoja, kama ni tembo wanaotoka huko hifadhini ndio usijaribu kitu peke yako, kamba ya pilipili na oili chafu inasaidia kiasi. Nguruwe huku wengi hatuli, ndo maana hawapungui, lakini uzio wa miti iliyobanana na mtaro kwa nje umewashinda kwa watu ninaowajua.

Na kama hiyo mashine ya kukereza inakaa bure, mwambie shemeji aje inbox, msimu wa salfa ukianza bushi za mota sina hata muda wa kuzimaliza. Lile gobore la marehemu babu ulilolitaja mwishoni, kama halina leseni usilipeleke kwa fundi yeyote, serikali imeshatangaza zaidi ya mara moja vipindi vya kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa, ongea na mwenyekiti au mtendaji akuulizie polisi utaratibu KABLA hujalibeba, usije ukakutwa nalo kwenye bodaboda unaeleza ulikuwa unalipeleka.