Kwa unayeanza kazi ya kuwatunza fereti

Wengi mnaofika hapa kituoni kwa mara ya kwanza mnaanza kuuliza habari ya harufu. Naelewa. Nimekulia Tanga, na kwetu kicheche anajulikana kwa mambo mawili, kuiba kuku na kunuka. Fereti, mnyama mdogo mwembamba wa kufugwa, ni wa ukoo huohuo, ingawa asili yake ni mnyama mwingine wa Ulaya, aliyefugwa kwa karne nyingi ili awafurushe sungura mashimoni. Basi siku ya kwanza mtu anavaa glavu, anajaza beseni maji ya uvuguvugu, anataka kumwogesha. Naomba beseni hilo uliweke chini kwanza.

Harufu ya fereti inatoka kwenye mafuta ya ngozi yake. Ukimwogesha, mafuta yanaondoka, ngozi inakauka, na mwili unaharakisha kutengeneza mengine. Baada ya siku mbili tatu ananuka kuliko mwanzo na anajikuna. Sisi tunawaogesha mara chache sana kwa mwaka, kwa kawaida pale mmoja anapojipaka kinyesi. Kinachofuliwa ni matandiko, kila wiki, kwa sabuni isiyo na manukato, na choo chao kinasafishwa kila siku. Zipo pia tezi mbili chini ya mkia zinazomwaga majimaji makali fereti akiogopa, lakini harufu hiyo haikai. Watu watakuuliza kwa nini zisikatwe. Hapa Uingereza madaktari wa wanyama hawazikati kama hazina ugonjwa, na mimi nakubaliana nao kabisa.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni mwanga. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea mchana na usiku kulingana mwaka mzima, kwa hiyo hatuna mazoea ya kufikiri kwamba urefu wa siku unaweza kuutawala mwili wa mnyama. Huku kaskazini unautawala. Siku zikifupika, fereti wanaota manyoya mazito na kunenepa; zikirefuka, wanapukutisha manyoya, wanapungua uzito, na majike wanaingia joto, yaani wanataka dume. Msimu wa kupukutisha, wapige brashi mara kwa mara, maana wanajilamba na manyoya yanaweza kufanya donge tumboni.

Hilo la joto nataka mlisikilize kwa makini kuliko mengine yote. Jike wa fereti hapevushi yai mpaka apandwe. Asipopandwa, joto haliishi baada ya siku chache kama mnavyojua kwa ng'ombe. Linaendelea wiki baada ya wiki, na homoni ya estrojeni inabaki juu mpaka inaharibu uboho wa mifupa. Uboho ukishaharibika, damu haitengenezwi. Mnyama anakufa kwa kuishiwa damu.

Mwaka wangu wa pili hapa, mwezi wa saba, mama mmoja alituletea jike mdogo mweupe. Kucha zake zilikuwa zimekatwa vizuri, masikio safi, blanketi lake linanukia. Alipendwa, ilionekana wazi. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi, na sehemu zake za uzazi zimevimba. Mama akasema amekuwa hivyo tangu mwezi wa nne, akadhani ni kawaida ya majike. Daktari alifanya alichoweza. Siku ya tatu tulimzika nyuma ya banda. Tangu hapo, kila jike anayeingia mlango huu naangalia mambo mawili kabla hata sijauliza jina lake: fizi, na chini ya mkia.

Dawa yake haina ugumu, ila iwahi. Madaktari wengi siku hizi wanaweka kijiti chini ya ngozi, jinsi wanawake wanavyowekewa cha uzazi wa mpango. Kinafanya kazi kwa mwaka mmoja na zaidi, kisha kinabadilishwa. Ipo sindano ya homoni. Wafugaji wa zamani wanamtumia dume aliyefungwa mirija, anampanda jike na joto linakwisha bila mimba. Kuhasi kwa upasuaji nako kupo, lakini fereti waliohasiwa hupata sana ugonjwa wa tezi zilizo karibu na figo. Dalili yake ni manyoya kuanza kunyonyoka kwenye mkia na kupanda mgongoni. Ukiona mkia umekuwa kama wa panya, andika na useme siku hiyohiyo.

Nasema "andika" kwa sababu kila fereti hapa ana ukurasa wake kwenye daftari, na Jumapili ndiyo siku ya kuwashika wote. Anza na mizani. Dume mzima ana kilo moja hadi mbili, jike chini ya hapo, na kwa kuwa uzito unabadilika na misimu, linganisha na wa mwaka jana wakati kama huu, siyo na wa mwezi uliopita peke yake. Kisha kucha. Za fereti hazirudi ndani kama za paka, na zikirefuka zinanasa kwenye kitambaa na kung'oka. Usipigane naye. Mlaze mapajani, mdondoshee tone la mafuta ya samaki tumboni, na wakati analamba wewe kata kwa utulivu. Ndani ya ukucha utaona mshipa mwekundu. Kata mbele yake. Ukiukata kwa bahati mbaya, bonyeza unga wa wanga wa mahindi mpaka damu ikome.

Masikio yao huwa na uchafu wa rangi ya kahawia nyekundu, na hiyo ni kawaida. Ukiwa mweusi, unavunjikavunjika kama majani ya chai yaliyokauka, na fereti anajikuna, hao ni utitiri, mwite daktari. Safisha sehemu unayoiona tu kwa pamba iliyolowa dawa ya masikio. Usichokonoe ndani kwa kijiti. Meno wanayo 34, na magego ya nyuma ndiyo yanayoshika ukoko kwanza. Piga mswaki kwa dawa ya meno ya paka au mbwa. Ya binadamu marufuku. Marufuku pia kumpa panadol au kidonge chochote chako cha maumivu, hata kipande.

Chakula ni nyama, au chakula kikavu kilichotengenezwa kwa ajili yao. Utumbo wao ni mfupi, chakula kinapita kwa saa tatu au nne, kwa hiyo bakuli lisikae tupu. Zabibu kavu, biskuti na maziwa wageni wanapenda kuwapa. Wazuieni kwa adabu.

Ukiwa na mafua, kaa nyumbani. Fereti anaambukizwa mafua ya binadamu, na yeye anaweza kukurudishia. Mwaka 1933 wanasayansi wa London walivitambua virusi vya mafua ya watu kwa kuwatumia wanyama hawa. Distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ni mbaya zaidi, karibu kila fereti anayeipata hufa, ndiyo maana wote wanachanjwa, na wewe mwenye mbwa nyumbani badilisha viatu kabla ya kuingia. Wakati wa kiangazi joto likifika nyuzi 27, wape vigae vya baridi na kivuli, hawajui kutoa jasho. Mipira laini na vifutio viokoteni sakafuni. Wanavitafuna, vinaziba utumbo, na fereti anayetapika bila kupata choo anapelekwa hospitali usiku huohuo.

La mwisho ni usingizi. Wanalala hadi saa 18 kwa siku, na wengine wanalala kiasi kwamba ukimwinua anaregea kama kitambaa kilicholowa. Mwezi uliopita binti mmoja mgeni alinijia analia, fereti mikononi, akidhani amekufa. Cha kutazama ni hiki: kama anatoka mate, anapangusa mdomo kwa miguu ya mbele, miguu ya nyuma haina nguvu na macho yanakodoa, huenda sukari imeshuka kwa sababu ya uvimbe kwenye kongosho, mpake asali kidogo kwenye fizi na umwahi daktari. Lakini kama mwili una joto, fizi ni za waridi na ubavu unapanda na kushuka taratibu, msogezee tone la mafuta ya samaki puani na usubiri. Huyu wa binti yetu alikaa karibu dakika nzima, kisha akapiga mwayo mrefu, akalamba, akageukia upande wa pili. Tukamrudisha kitandani mwake.