Maswali ya Wasomaji: Kutazama Ndege Mashambani Wakati wa Krismasi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Tanga na sasa ninaishi Leicester, Uingereza, pamoja na wanangu wawili. Jirani yetu ametualika tukae naye juma zima la Krismasi katika kijiji kimoja cha Norfolk, karibu na bahari, na watoto wameomba darubini ili watazame ndege. Nilipokuwa mdogo, marehemu babu alikuwa akituonyesha sululu na vitwitwi wakila kwenye tope la mikoko wakati wa kaskazi, akisema kwamba wamekimbia baridi ya Ulaya. Je, tutakuta ndege gani huko mashambani, ikiwa wote wamekwisha kuja kwetu?

JIBU: Dada yetu wa Leicester, babu alisema kweli, na mbayuwayu waliozaliwa Uingereza katika miezi ya joto hivi sasa wako Afrika Kusini. Lakini baridi ya Uingereza ni ndogo ikilinganishwa na ile ya Iceland, Greenland na kaskazini mwa Urusi, ambako ardhi na maji huganda na mchana huwa mfupi mno kwa ndege kutafuta riziki. Ndege wa huko nao hushuka kusini, na kwao Norfolk ndiyo Tanga.

Ningependa wanao waanze na bata bukini wenye miguu ya rangi ya waridi, ambao huzaliana Iceland na Greenland, kisha wakaja kwa maelfu kulala kwenye tope la ghuba ya The Wash. Kunapopambazuka huruka kuelekea mashambani, kwenye viazi sukari vilivyokwisha kuvunwa, wakala majani na vipande vilivyoachwa na mashine. Simameni karibu na Snettisham, ambako RSPB, shirika la Uingereza la kuhifadhi ndege, lina hifadhi, kabla jua halijatoka; na kwa kuwa mwishoni mwa Desemba jua huchomoza huko kama saa mbili asubuhi, watoto hawatahitaji kuamshwa usiku wa manane. Mtawasikia gizani kabla ya kuiona mistari yao angani, na nadhani watoto wataikumbuka sauti hiyo kwa muda mrefu.

Hapo ujuzi wako wa pwani utakufaa kuliko kitabu chochote cha ndege. Mwezi mpevu unapong'aa, bata bukini hula mashambani usiku kucha, na alfajiri hawaruki pamoja kwa wingi ule. Kwa upande mwingine, vitwitwi na ndege wengine wa tope, ambao hapo Snettisham hufikia makumi ya elfu, huonekana vizuri zaidi wakati wa bamvua, maji yanapofunika tope lote na kuwalazimisha kuinuka kwa pamoja kama moshi unaogeuka-geuka. Bamvua, kama unavyojua, huja kwa mwezi mpevu na kwa mwezi mwandamo pia. Basi chagueni bamvua la mwezi mwandamo, wakati usiku hauna mbalamwezi, na mpate yote mawili. Angalieni jedwali la maji, na kwa kuwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, itafuteni siku ambayo yanajaa baada ya kupambazuka. Msishuke kwenye tope hata kidogo, kwani maji ya The Wash hurudi upesi na njia zake hazifanani na zile ulizozizoea.

Kuhusu darubini, nunua iliyoandikwa 8x42. Tarakimu ya kwanza ni kiasi cha kukuza, na ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Lenzi pana hukusanya mwanga zaidi, jambo ambalo lina maana kubwa mahali ambapo jua huzama kabla ya saa kumi alasiri.

Siku ya Krismasi yenyewe treni hazitembei, kwa hiyo itumieni kwa njia za miguu za kijijini. Miti imepukutika majani, na ndege hana pa kujificha. Mtamsikia robin, yule mwenye kifua cha rangi ya chungwa anayechorwa kwenye kadi za sikukuu. Majira haya dume na jike huimba wote wawili, kwa sababu kila mmoja hulinda eneo lake mwenyewe la chakula. Mtafuteni pia wren, ndege mdogo wa kahawia mwenye mkia uliosimama. Usiku wa baridi kali hujibana na wenzake mahali pamoja ili wapate joto, na hapo hapo Norfolk mwaka 1969 walihesabiwa 61 katika kisanduku kimoja.

SWALI: Tumehamia kijijini, Shropshire, Uingereza. Je, ni vibaya kuwamwagia ndege mabaki ya pilau na mkate wa sikukuu?

JIBU: Ndugu msomaji, pilau msimwage. Chumvi huwadhuru ndege wadogo, na mafuta yaliyochanganyika na mchuzi hugandamana na manyoya yao. Wali mweupe uliopikwa bila chumvi hauna neno. Mkate hujaza tumbo tu, na ndege mwenye uzito wa gramu 5 au 6, kama walivyo wadogo kuliko wote huko, hana nafasi tumboni ya kupoteza mchana mfupi namna hiyo. Wapeni mbegu za alizeti au karanga zisizotiwa chumvi, ndani ya chombo cha wavu. Wekeni pia maji, na myavunje kila asubuhi yakiganda. Chombo kioshwe kila juma, kwa maana ugonjwa unaoenea kwenye vyombo vichafu umewapunguza sana chiriku wa kijani nchini humo.