Je, Witu Iliwahi Kuwa na Sultani Wake?

SWALI: Mzee, shikamoo. Nyanya yangu, mzaliwa wa karibu na Kipini, pwani ya Kenya, husema zamani Witu ilikuwa na sultani wake, tena ikilindwa na Wajerumani. Shuleni tulifunzwa kuwa Wajerumani walikuwa Tanganyika, na Kenya ilikuwa ya Waingereza. Nimwamini nani?
Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwamini nyanyako. Kitabu chako kimeruka miaka mitano.

Usultani ule uliasisiwa na Ahmed bin Fumo Luti, wa ukoo wa Wanabahani waliotawala kisiwa cha Pate. Watu walimwita Simba. Alipozidiwa na majeshi ya sultani wa Zanzibar alikimbilia bara, akajenga Witu ndani ya msitu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakamfuata huko. Hao ndio watoro, na wengi wao walishika bunduki kumlinda. Jambo hili hunigusa kuliko mengine yote ya Witu: aliyekuwa mali ya mtu huko pwani, msituni alikuwa askari wa sultani.

Zanzibar haikumwacha apumue. Basi ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipomjia, aliwauzia ardhi mwezi wa Aprili 1885, na tarehe 27 Mei Ujerumani ikatangaza kuwa Witu iko chini ya ulinzi wake. Wapo wanaosema Simba aliuza nchi. Mimi simlaumu. Adui alikuwa mlangoni, na mgeni wa mbali alionekana nafuu.

Simba alifariki 1889, akarithiwa na Fumo Bakari. Tarehe 1 Julai 1890, huko Berlin, Ujerumani ilikubali kwa mkataba kuiachia Uingereza Witu na kuitambua kuwa mlinzi wa Zanzibar. Miongoni mwa yale Ujerumani iliyoyapata ni Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita mraba 2. Fumo Bakari hakuulizwa. Sultani aliyejiweka chini ya Wajerumani ili aiepuke Zanzibar alijikuta mikononi mwa mlinzi wa Zanzibar!

Septemba ile ile Mjerumani Andreas Küntzel, aliyekuja kupasua mbao, aligombana na watu wa sultani. Risasi zikalia, akauawa yeye na wenzake. Waingereza wakamtaka Fumo Bakari ajibu. Hakwenda. Admirali Fremantle wa Uingereza akashusha askari Kipini, na tarehe 27 Oktoba mji wa Witu ukateketezwa. Tangu mkataba utiwe saini zilikuwa zimepita siku 118.

Fumo Bakari alifariki mapema 1891. Wafuasi wake waliendelea kupigana msituni, hata 1893 Waingereza wakalazimika kuleta jeshi tena.

Nyanyako akiwa na nguvu za kuzungumza, mwulize kama katika ukoo wenu kulikuwa na mtoro, na alitoroka shamba lipi. Andika jina la shamba hilo, kisha niletee.